Diplomasia ya wakati wa vita isipimwe kwa picha za kupeana mikono

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nitoe maoni kuhusu jambo ambalo, kwa mtazamo wangu, tunalizungumza kwa dharau lisiyoistahili. Msimu uliopita wa kilimo nilikuwa katika foleni ya mbolea ya ruzuku hapa Mafinga, redio ya mwenye duka ikiwa imefunguliwa kwa sauti kubwa, na taarifa ya habari ikaeleza kwamba wajumbe wa pande zinazopigana mashariki mwa Kongo wamekutana tena ughaibuni kwa mazungumzo. Kijana mmoja aliyekuwa mbele yangu akasema, "Hao wanakula posho tu." Foleni nzima ikacheka, nami nikacheka nayo, maana mtu aliyesimama juani tangu saa moja asubuhi hukicheka chochote kinachomsogezea muda. Nilipofika nyumbani kauli ile ilikataa kunitoka. Nimefundisha Historia katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na nikajiuliza iwapo kijana yule alikuwa anasema kitu ambacho mimi na walimu wenzangu ndio tuliomfundisha.

Nadhani ndivyo ilivyo. Darasani tulifundisha vita kwa chanzo, matukio na matokeo, na diplomasia ikatajwa mwishoni tu, pale mkataba wa amani unapotiwa saini. Mwanafunzi akatoka na imani kwamba kazi ya mwanadiplomasia ni kumaliza vita, na kwamba vita visipokwisha, basi mwanadiplomasia huyo hana alichofanya. Kumbe iko kazi nyingine inayofanyika vita vikiwa vimepamba moto, wala haihitaji wahasimu wapatane. Ni kumwomba mwenye bunduki afungue barabara moja kwa siku tatu, kukubaliana malori ya unga yapite kizuizini bila kuporwa, kubadilishana majeruhi, kupata orodha ya mateka, kumruhusu mganga wa chanjo aingie kijijini na kutoka salama. Kwa lugha ya nyumbani ningeiita kazi ya mshenga. Mshenga haoi wala haolewi, na siku ya harusi wapiga picha hawamtafuti, lakini ndiye aliyeingia katika nyumba ambayo wenye shauri lao walikuwa hawawezi kuikanyaga.

Ushahidi wa kazi hiyo tunao kwetu, kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Ifunda, ambayo wengi wanaijua kwa shule yake ya ufundi, na Kidugala kule Njombe, zilikuwa na kambi za wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kama ilivyokuwa Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa kubwa zaidi. Makaburi yao yapo mpaka leo. Wanafunzi walizoea kuniuliza Wazungu wale walifikaje huku, nami nilizoea kuwajibu kwamba walikimbia vita, jibu ambalo leo naona lilikuwa la uvivu. Poland ilivamiwa Septemba 1939, Ujerumani ikitokea magharibi na Umoja wa Kisovieti ukitokea mashariki, na mamia ya maelfu ya raia wa upande huo wa mashariki wakapakiwa katika mabehewa ya treni na kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Mtu wa namna hiyo hana pa kukimbilia, kwa sababu ni mfungwa. Kilichomtoa huko ni karatasi.

Tarehe 30 Julai 1941, wiki chache baada ya Ujerumani kuugeuka Umoja wa Kisovieti, Waziri Mkuu wa serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London, Władysław Sikorski, alitia saini makubaliano na balozi wa Kisovieti nchini Uingereza, Ivan Maisky, Waingereza wakiwa ndio washenga wenyewe. Serikali hizo mbili hazikuaminiana hata kidogo, na walikuwa na kila sababu ya kutoaminiana. Suala la mpaka lililowagombanisha waliliacha bila kulitatua, jambo lililowaudhi baadhi ya mawaziri wa Sikorski hata wakajiuzulu. Lakini makubaliano hayo yalibeba sharti la kuwaachia huru raia wa Poland waliokuwa wakishikiliwa katika ardhi ya Kisovieti, na kwa sharti hilo watu zaidi ya laki moja, askari pamoja na wanawake na watoto, walivuka kwenda Iran mwaka 1942. Kutoka huko maelfu wakaletwa kwa meli Afrika Mashariki, na baadhi yao wakaishia Ifunda na Kidugala, kwenye baridi yetu ya Juni na Julai ambayo nadhani haikumtisha mtu aliyetoka Siberia.

Aprili 1943, baada ya kugunduliwa makaburi ya maofisa wa Kipolandi waliouawa na Wasovieti huko Katyn, Moscow ilivunja uhusiano na serikali hiyo ya Sikorski, na mlango ukafungwa. Ulikuwa umekaa wazi kwa muda usiofika miaka miwili. Waliowahi kupita walipona, na wengi waliochelewa hawakutoka. Mchambuzi wa magazeti wa mwaka 1943 angeweza kuandika kwamba makubaliano yale yamekufa, na asingekosea, maana hayakuleta urafiki wala hayakuirudishia Poland mpaka wake. Lakini mama aliyekuwa akiota moto na wanawe jioni pale Ifunda alijua kwa hesabu ya vichwa yalifanya nini.

Sitaki nionekane mpambe wa wanadiplomasia, kwa sababu mkoa huu huu unao ushahidi wa upande wa pili. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliofunga Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu cha 246 kilichoitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Fuvu hilo lilirudi Kalenga mwaka 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining na kupokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu. Miezi sita iligeuka zaidi ya miaka thelathini. Ukikisoma kifungu chenyewe sababu mojawapo unaiona: fuvu la mtu wa Uhehe lilikuwa linakabidhiwa na dola moja ya Ulaya kwa dola nyingine ya Ulaya, na Wahehe wenyewe hawakuwa na kiti wala mjumbe katika chumba kile. Ahadi inayomhusu mtu asiyekuwapo mezani haina wa kuidai. Hilo nitalirudia, kwa sababu limejitokeza tena karibuni katika jambo lenye uzito wa maisha ya watu.

Nalirudia kwa habari ya Goma. Mji huo wa mashariki mwa Kongo ulitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ukafuata katikati ya Februari. Katika mapigano yale majeshi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, yaliyokuwa huko kuisaidia serikali ya Kongo, yalipoteza askari wa Afrika Kusini, wa Malawi na wa Tanzania. Tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za SADC na za Jumuiya ya Afrika Mashariki wakakutana Dar es Salaam. Nakumbuka jinsi habari zilivyotawaliwa na swali la nani kafika, nani kahudhuria kwa video na nani kamkwepa nani. Tamko la mkutano ule lilikuwa na mambo yaliyostahili kurasa zaidi: liliwaagiza wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano, na lilidai njia za misaada na uwanja wa ndege wa Goma vifunguliwe. Hayo ndiyo ya kufuatilia. Nani aliagizwa, kufanya nini, na siku ya sita imekuwaje?

Machi 13 SADC ikaamua kuhitimisha operesheni yake. Askari walikuwa wamebaki katika kambi zao ndani ya eneo linaloshikiliwa na watu waliopigana nao. Huwezi kuwatoa kwa ndege uwanja ukiwa umefungwa, na huwezi kuwatoa kwa barabara bila ridhaa ya mwenye barabara. Kwa hiyo Machi 28 makamanda wa SADC walikaa Goma na M23 wakaandikiana namna ya kuondoka, na kuanzia Aprili 29 misafara ikaanza kupita Rwanda kuja Chato, hapa nchini. Ninajua wapo waliolitazama jambo hilo kama fedheha. Mimi nilimtazama mzazi wa askari. Siku chache hizo hizo, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kwa makubaliano ya pande zote husika, ilianza kuwasindikiza kutoka Goma hadi Kinshasa mamia ya askari na polisi wa Kongo waliokwisha kunyang'anywa silaha, pamoja na familia zao, waliokuwa wamejihifadhi katika kambi ya Umoja wa Mataifa. Msafara wa watu waliokuwa jana wakilengana risasi ukapita mstari wa mbele wa vita kwa kibali cha mdomo na karatasi, na redio ya pale dukani, kama ililitaja, ililitaja kwa nusu dakika.

Linganisha na Oktoba 2025. Katika mkutano uliofanyika Paris ilitangazwa kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada. M23, ambao ndio wanaoushikilia uwanja huo, hawakushirikishwa katika uamuzi, na wakaukataa. Ukumbi ulikuwa mzuri na nia nadhani ilikuwa njema, ila ni kama kumposa binti kwa majirani zake.

Hapa ndipo ninapopata upinzani mkali, hata kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanauliza: je, kukaa na mtu aliyeteka mji kwa bunduki si kumpa heshima? Swali hilo si la kupuuzwa, kwa sababu wenye bunduki wenyewe huutafuta uhalali huo kwa udi na uvumba, na wapo waliotumia meza ya mazungumzo kujipatia muda wa kujipanga upya. Lakini waliotunga Mikataba ya Geneva ya 1949 waliliona swali hilo mapema kuliko sisi. Kifungu cha 3, kilichomo katika mikataba yote minne, kinahusu vita vya ndani ya nchi moja. Kinawataka wote wanaopigana wawatendee kiutu wasiopigana na waliojeruhiwa, kinaruhusu chombo kama Msalaba Mwekundu kutoa huduma zake kwa pande zote, kisha kinamalizia kwa kusema kwamba kuyatekeleza hayo hakubadili hadhi ya kisheria ya upande wowote. Maana yake ni kwamba unaweza kumwomba mwasi akufungulie barabara leo, na kesho ukamshitaki kwa aliyoyatenda. Tatizo huja mshenga anapoanza kujiona ndiye mwenye harusi, akaogopa kutaja uovu ili asikosane na wenyeji wake. Hao wapo, na ni haki yao kulaumiwa.

Sudani inanifanya nisite kuandika kwa matumaini mengi. Vita vilianza Aprili 15, 2023, na Mei mwaka huo huo majenerali wa pande mbili waliahidi kule Jeddah kuwalinda raia, ahadi waliyoivunja wino ukiwa haujakauka. Juni 2024 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2736 lililowataka wapiganaji wa RSF, kikosi kinachopigana na jeshi la serikali, waache kuuzingira mji wa El Fasher. Hawakuacha. Mji ulianguka Oktoba 26, 2025, baada ya mzingiro wa zaidi ya siku 500, na yaliyowapata raia wake dunia iliyaona kwa picha za setilaiti. Azimio lile halikuwa na mtu wa kulisimamia, na waliokuwa wakizilisha silaha pande zinazopigana hawakubanwa. Hata hivyo katika vita hivyo hivyo, Agosti 2024, yaliitishwa mazungumzo Geneva ambayo jeshi la serikali lilikataa kuyahudhuria. Magazeti mengi yaliandika kwamba yameshindwa kabla ya kuanza. Katika siku zile zile, kwa shinikizo lililoyazunguka mazungumzo hayo, serikali ya Sudani iliruhusu kivuko cha Adré kutoka Chad kitumike kupitisha misaada kwenda Darfur, ambako njaa ilikuwa imekwisha kuthibitishwa katika kambi ya Zamzam. Ruhusa ilikuwa ya miezi mitatu, kisha ikaongezwa. Malori yalipita. Hayakutosha, na wahusika wote walisema hayatoshi, lakini aliyepata unga uliopita Adré hakuupata kwa muujiza.

Na sisi Watanzania hatuwezi kuzungumzia kushindwa kwa wengine tukanyamazia lililoanzia mikononi mwetu. Makubaliano ya amani ya Rwanda yalitiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na tukayashangilia. Marais wa Rwanda na Burundi walikuwa wanatoka katika mkutano Dar es Salaam jioni ya Aprili 6, 1994, ndege yao ilipotunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Mwishoni mwa mwezi huo wakimbizi waliokadiriwa kufika robo milioni walivuka Rusumo kuingia Ngara katika muda wa siku moja tu. Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka mingi. Ninachokiona ni kwamba kila jicho lilikuwa kwenye mgawanyo wa nyadhifa za serikali mpya, na maandalizi ya kuua yaliyokuwa yakifanyika wakati huo huo, pamoja na redio iliyokuwa ikiyachochea, hayakupewa uzito na wenye uwezo wa kuyazuia. Waliposhtuka, Baraza la Usalama lilipunguza askari wa kulinda amani badala ya kuwaongeza.

Nirudi sasa kwenye foleni yetu ya mbolea, maana nayo imo katika habari hii. Bei ya mbolea ilikwisha kuanza kupanda mwaka 2021, na Urusi, ambayo ni muuzaji mkubwa wa mbolea duniani, ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mfuko wa kilo 50 ukavuka shilingi laki moja huku kwetu, mahindi yakapandwa bila kitu, na wengine wakapunguza mashamba. Ruzuku tuliyokuwa tukiifuata kwenye foleni ile ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan katika Nane Nane jijini Mbeya, Agosti 8, 2022. Wiki mbili tu kabla ya hapo, Julai 22, huko Istanbul, Uturuki na Umoja wa Mataifa walikuwa wamefanikisha mpango wa kupitisha nafaka ya Ukraine katika Bahari Nyeusi. Ukraine ilikataa kutia saini karatasi moja na Urusi, kwa hiyo ziliandaliwa karatasi mbili zinazofanana, kila mmoja akasaini yake na washenga. Siku hiyo hiyo Umoja wa Mataifa na Urusi wakaandikiana kuhusu kurahisisha biashara ya chakula na mbolea za Urusi. Kesho yake makombora ya Urusi yalipiga bandari ya Odesa, na nina hakika watu wengi walisema, kwa lugha zao, kwamba wale wamekula posho tu. Meli ya kwanza iliondoka Agosti 1. Mpaka Urusi ilipojitoa Julai 2023, karibu tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine zilikuwa zimepita, na zaidi ya tani 725,000 kati ya hizo zilinunuliwa na Mpango wa Chakula Duniani kwa ajili ya nchi zenye njaa, zikiwamo Somalia, Ethiopia na Kenya. Vita vyenyewe havikusimama hata siku moja.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni la kazi. Mkutano wa usuluhishi unapofanyika, usituwekee picha ya mashati meupe na tabasamu kisha ukatuachia tukisie. Tuandikie ni barabara ipi au kivuko kipi kimekubaliwa kufunguliwa, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani, nani anashikilia eneo hilo na kama alikuwamo chumbani, nani atakagua mizigo, na ni nani wa kuulizwa magari yakizuiwa. Kisha, wiki mbili baadaye, mtume mwandishi aulize kama gari limepita. Kwa habari za Kongo kazi hiyo haihitaji hata tiketi ya ndege: madereva wanaotoka Lubumbashi hulala Tunduma kila usiku, na wakimbizi wenyewe wako Nyarugusu, Kasulu, tangu mwaka 1996, wanajua nani anashika kizuizi gani kuliko msemaji yeyote wa serikali. Habari za namna hiyo zikichapishwa, walio mezani watajua kwamba wanahesabiwa, na mwenye kula posho bure ataonekana kwa jina.

Gazeti lenu hufika Mafinga kwa basi mchana. Siku mtakapochapisha habari ya namna hiyo nitanunua nakala mbili, moja niipeleke pale dukani kwa mbolea.

Mwalimu mstaafu,
Mafinga, Iringa.